Pembezoni mwa Nini? Hifadhi, Wanyama na Vijiji vya Ukingoni, Kutoka Rungwe Hata Kalahari



Nilipopewa heshima ya kuzungumza hapa Tukuyu juu ya hifadhi, wanyama wa porini na makazi ya mbali, kilichonishughulisha kwanza ni lile neno dogo la mwisho, "mbali", ambalo twalitamka kila siku katika afisi na mikutano yetu pasipo kuuliza limepimwa kutoka wapi. Kijiji kilichopo juu ya Isongole, mahali shamba la viazi linapoishia na msitu wa Mlima Rungwe unapoanzia, huandikwa katika taarifa zetu kuwa ni kijiji cha pembezoni. Na mwandishi wa taarifa hiyo, akiwa ameketi mjini Tukuyu, husema kweli yake, maana kwake njia ni ya utelezi, masika ni marefu, na gari hufika kwa kudra ya Mwenyezi Mungu. Walakini Tukuyu nayo ni pembezoni kwa aliyeketi Mbeya, na Mbeya ni pembezoni kwa aliyeketi Dar es Salaam, na Dar es Salaam yenyewe ni pembezoni kwa mfadhili aliyeketi Ulaya. Maadamu umbali hutegemea kiti cha mpimaji, nawaomba tukihamishe kiti hicho kwa muda wa saa moja, tukiweke chini ya mti ndani ya msitu wenyewe, na tupime upya kutoka hapo. Kwa kipimo hicho, kijiji kilichoitwa cha pembezoni hugeuka kuwa kijiji cha kwanza, na zilizo mbali huwa ni afisi zetu.

Dai la mada hii ni kwamba hifadhi husimama au huanguka kwa namna watu walio karibu nayo walivyohesabiwa: kama wenyeji wenye elimu na haki, ama kama wavamizi wanaongoja kufukuzwa. Nitawaleta mashahidi watatu mbele yenu: mlima wetu wa Rungwe wenye mvua tele, bonde la Usangu lililo kavu nyuma ya migongo ya Uporoto, na jangwa la Kalahari katika nchi ya Botswana, ambako jambo hili lilifikishwa mahakamani na hukumu ikatolewa.

I. Shahidi wa kwanza: mlima na mnyama wake

Hapana haja ya kuwaelezea watu wa Rungwe mlima wao, lakini shahidi hutajwa jina na sifa zake kabla ya kusema. Mlima Rungwe ni volkano iliyolala, urefu wake wakaribia meta 3,000 juu ya usawa wa bahari, na miteremko inayoelekea kusini hupata mvua ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu chache sana za Tanzania hukijua. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka katika nchi hii kwenda Ziwa Nyasa; na neema hiyo ndiyo iliyowapa babu zetu migomba, ikawapa wajukuu zao chai, kahawa, viazi na sasa parachichi. Msitu wa mlima umelindwa kwa sheria tangu zama za Mwingereza, na mwaka 2009 ukapandishwa daraja kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, yenye takriban hekta 13,600. Jirani yake ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ambayo watu huiita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, na ambayo imeukumbatia pia msitu wa safu za Livingstone. Baina ya misitu hiyo miwili pana ushoroba mwembamba, Bujingijila, ambao kwa ramani ni uzi tu, bali kwa mnyama wa mtini ni daraja pekee lililobaki.

Kabla ya hati hizo zote palikuwa na sheria nyingine isiyoandikwa. Vichaka walivyozikwa wakuu wa zamani, na vile vya ibada kama Lubaga, havikuguswa kwa shoka, na aliyevigusa alijua kwamba ataulizwa na wazee kabla ya kuulizwa na askari. Sitadai kwamba wahenga walikuwa wahifadhi kwa maana ya leo, kwa sababu waliwinda, na walifyeka msitu kupata mashamba. Nadai tu kwamba fikra ya mahali palipowekwa kando, pasipolimwa wala kukatwa, haikuletwa Rungwe na bwana shauri yeyote. Ilikuwapo, ikiwa na walinzi wake na adhabu zake.

Sasa nije kwenye kiini cha ushahidi huu, nacho ni kipunji. Wakati watafiti wa shirika la kuhifadhi wanyamapori la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walipokuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa waishio kandokando ya msitu, walisikia habari za kima mmoja mwenye haya, akaaye juu ya miti mirefu, aitwaye kipunji. Hekaya na habari za kweli zilichanganyika katika masimulizi hayo, kiasi kwamba mgeni angeweza kudhani kuwa ni mnyama wa ngano. Mwaka 2003 watafiti hao walimwona kwa macho: manyoya ya kahawia, shungi lililosimama kichwani, mkia mrefu, na sauti ya ajabu iliyo katikati ya kubweka na honi ya gari. Mwaka uliofuata watafiti wengine, pasipo kujua habari za Rungwe, walimwona mnyama huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa. Na mwaka 2005 makundi yote mawili yakatangaza pamoja, wakiwamo miongoni mwa waandishi Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga, kwamba ulimwengu umepata kima mpya.

Neno "mpya" ndilo ninaloomba mlitie katika mizani. Kipunji alikuwa mpya kwa maabara na kwa vitabu. Kwa mwindaji wa Kinyakyusa alikuwa mkongwe, mwenye jina na tabia na mahali pake. Sifa moja kubwa ya wagunduzi hao ni kwamba walikiri jambo hilo, wakaliacha jina la wenyeji likae katika jina la kitaalamu, hata leo mtaalamu wa Japani au wa Marekani amtajapo mnyama huyu hulazimika kusema neno la Kinyakyusa.

Lakini ushahidi wa Rungwe haukuishia katika sifa. Hapo kwanza wataalamu walikuwa na picha na sauti tu, pasipo mwili wa kuchunguza. Na mwili huo ulipopatikana, ulipatikana katika mtego. Mkulima alikuwa ametega kando ya shamba lake la mahindi, karibu na msitu, kwa ajili ya kuwazuia waharibifu, na kipunji kijana akanasa akafa. Kwa maiti hiyo wataalamu walipima vinasaba na mifupa, wakaona kwamba mnyama huyu, ingawa sura yake yafanana na kima wengine wa mitini, nasaba yake iko karibu zaidi na nyani. Na mwaka 2006 wakampa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Hivyo jina la mlima wetu liliingia katika vitabu vya elimu ya viumbe kwa mlango wa mstari wa mwisho wa mahindi ya mtu maskini. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilionesha kwamba kipunji wote duniani walikadiriwa kuwa 1,117 tu; na kuhesabiwa tena katika miaka iliyofuata kukaleta faraja, kwamba katika nyanda zetu hizi wameongezeka.

Yule mkulima asiyejulikana jina alikuwa nani katika kisa hiki? Aliyeketi mbali atasema alikuwa adui wa hifadhi, na hakukosa hoja, maana mtego ni mtego. Aliyeketi msituni ataona mambo mawili kwa pamoja: mtu aliyekuwa akilinda chakula cha watoto wake, na mtu ambaye, kama angelipata njia nyingine ya kukilinda, asingelihitaji kutega. Baina ya maoni hayo mawili ndipo kazi yetu yote ilipo.

II. Shahidi wa pili: maji yaliyokwenda Usangu

Migongo ya Uporoto na uwanda wa Kitulo huyagawa maji kama mama agawaye chakula: upande mmoja hupelekwa Ziwa Nyasa, upande mwingine huteremka kaskazini kwenda Usangu, yakawa Ruaha Mkuu, mto uendao kunywesha mpunga wa Mbarali, ardhioevu ya Ihefu, tembo na viboko wa Hifadhi ya Ruaha, kisha mabwawa ya Mtera na Kidatu yaletayo umeme. Usangu ni nchi kavu. Mvua yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya Tukuyu, na uhai wake wote ni mkopo kutoka milimani. Tangu mwaka 1993 mto ule, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kabisa ndani ya hifadhi katika miezi ya kiangazi, na viboko wakaonekana wamesongamana katika madimbwi ya matope.

Palipotokea kilio hicho, hapana budi atafutwe mwenye kosa. Sababu zilikuwa nyingi na zilifungamana: mifereji ya mpunga mikubwa na midogo iliyochukua maji hata baada ya mavuno, ukulima ulioenea mabondeni, mifugo mingi iliyokusanyika katika ardhioevu, na watu walioongezeka. Walakini katika sababu zote hizo, moja ina miguu na yaweza kuhamishwa, nayo ni mifugo. Pori la Akiba Usangu lilitangazwa mwaka 1998. Na katika miaka ya 2006 na 2007 wafugaji wengi, Wasukuma, Wataturu na Wabarbaig miongoni mwao, waliondolewa Ihefu pamoja na ng'ombe zao, wakaelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani, safari ndefu ambayo mifugo mingi haikuifikisha mwisho. Mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ikaifanya kuwa na zaidi ya kilometa za mraba 20,000.

Mto uliendelea kukauka. Sisemi kwamba kuondoa mifugo hakukuleta faida yoyote kwa ardhioevu, wala sisemi kwamba Ihefu ingestahimili kila ng'ombe aliyeletwa. Nasema kwamba dawa ilitolewa kwa mgonjwa aliyekuwa karibu kushikwa, na ugonjwa ukabaki katika mifereji na katika vyanzo. Zaidi ya hayo, wale wafugaji walijua mahali maji yalipokuwa yakibaki katika kila kiangazi, na mwezi ambao kila kisima hukauka. Elimu hiyo ilipakiwa malorini pamoja na vyombo vyao, na sidhani kama kuna aliyeiandika kabla ya injini kuwashwa.

Twahusika vipi sisi wa Rungwe? Kwa mpimaji wa Usangu, sisi ndio tulio mwanzo wa mto. Shamba la viazi linalopandishwa hata ukingo wa kijito cha Uporoto ni habari ya kiboko wa Ruaha, hata kama mkulima na kiboko hawatakutana kamwe.

III. Shahidi wa tatu: Kalahari

Mwaka 1961 mambo mawili yalitokea ambayo yafaa kuwekwa bega kwa bega. Mwezi Septemba, mjini Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa tamko juu ya wanyamapori (lisichanganywe na Azimio la Arusha la mwaka 1967), akiahidi kwamba nchi iliyokuwa ikielekea uhuru itawatunza wanyama hao kama amana ya wajukuu zetu. Mwaka huo huo, Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, ilianzisha Pori la Akiba la Kalahari ya Kati, lenye zaidi ya kilometa za mraba 52,000, eneo linaloweza kuumeza msitu wa Mlima Rungwe mara zaidi ya mia tatu. Ajabu ya pori lile ni nia yake ya asili: afisa wa serikali George Silberbauer alishauri liwe kimbilio la wanyama na pia la watu waishio humo, ambao kwa Kitswana huitwa Basarwa, pamoja na jirani zao Bakgalagadi, watu waliojua kuishi mahali pasipo mto wala ziwa, wakipata maji kutoka katika mizizi na matikiti ya porini, na nyama kwa upinde.

Serikali ya nchi huru ilikuwa na mpango wa maendeleo kwa ajili ya watu kama hao, na katika lugha ya afisi iliwaita wakazi wa maeneo ya mbali. Neno letu, Mheshimiwa Mwenyekiti, limesafiri hata huko. Kwa kuwa walikuwa mbali, shule na zahanati zilikuwa na gharama kubwa kuwafikia. Kwa kuwa gharama ilikuwa kubwa, ilionekana heri waletwe karibu. Na pia ikasemwa kwamba ufugaji wao na visima vyao haviwafai wanyama. Mwaka 1997 wengi walihamishiwa makazi mapya nje ya pori, na mwaka 2002 huduma za maji na chakula zikakatwa kwa wale waliobaki, na karibu wote wakaondolewa. Watu wengine walinong'ona habari za almasi iliyogunduliwa katika pori lile. Serikali ikakana kwamba hiyo ndiyo sababu.

Baadhi ya wakazi hao, Roy Sesana na wenzake, walikwenda Mahakama Kuu. Baada ya kesi ndefu, mwezi Desemba mwaka 2006 majaji watatu, miongoni mwao Unity Dow, ambaye pia ni mwandishi wa riwaya, walitoa hukumu, na kwa wingi wa sauti ikaamuliwa kwamba watu wale waliondolewa katika ardhi yao kinyume cha sheria na pasipo ridhaa yao. Lakini mahakama haikuilazimisha serikali kurudisha huduma zilizokatwa; na hivyo wakarudi baadhi yao katika nchi iliyo yao kwa sheria na kavu kwa maumbile, wakiwa wamekatazwa hata kukitumia kisima kilichokuwapo. Ilibidi kesi nyingine ifunguliwe, na mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba wana haki ya kuchimba na kutumia maji kwa gharama zao wenyewe. Ilichukua takriban miaka tisa tangu bomba kufungwa hata mtu aruhusiwe kunywa kwake.

IV. Mizani

Msikilizaji mwenye akili atauliza: je, mada hii yataka misitu ifunguliwe kwa kila mwenye panga? La. Hekta 13,600 si nyingi, na kipunji hawezi kuhamia mji mwingine. Mkaa ukichomwa ndani ya msitu, mbao zikipasuliwa usiku, mianzi ikifyekwa, minde na mbega wakinaswa kwa waya, haileti tofauti kama mtenda ni mwenyeji au mgeni. Katika uwanda wa Kitulo viazi vya maua ya okidi vilichimbwa kwa mamilioni na kuvushwa kwenda Zambia, vikapikwe chakula kiitwacho chikanda, na wachimbaji wengi walikuwa majirani wa uwanda huo huo. Ukaribu peke yake hauleti uadilifu.

Lakini ukaribu huleta jambo ambalo afisi haiwezi kulinunua, nalo ni kuwapo. Mhifadhi hupita, mwanakijiji hukaa. Yeye ndiye wa kwanza kusikia msumeno, wa kwanza kumjua mgeni aliyelala kijijini pasipo shughuli, wa kwanza kuona kijito kimepungua. Kama elimu hiyo itapelekwa kwa askari wa misitu au itafichwa, hutegemea jambo moja: kama kijiji kinaona kwamba msitu ni wake pia. Usangu na Kalahari zatufundisha kwamba mtu akisha kuitwa mvamizi katika nchi aliyoijua tangu utoto, elimu yake hufungwa kinywani, na serikali hubakiwa na vigingi vya mpaka tu.

Sheria zetu zatoa nafasi ya kufanya vyema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yakitambua kijiji kuwa msimamizi wa ardhi yake, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yaruhusu wananchi kushirikishwa katika usimamizi wa misitu. Upungufu uko katika mambo madogo, na huo ndio huumiza. Kanuni za kifuta jasho, kwa mfano, zimetungwa kwa ajili ya uharibifu wa wanyama hatari, na fikra ya mtungaji ilikuwa juu ya tembo, simba na mamba. Kima anayekula mahindi ya familia moja mpaka yakaisha si hatari kwa maana hiyo, na hasara yake ni ya kimyakimya. Huko ndiko mtego huzaliwa.

V. Mapendekezo

Kwanza, mipaka ya hifadhi itembelewe kwa miguu kila baada ya miaka michache, wahifadhi na wazee wa vijiji pamoja, na majina ya Kinyakyusa ya mito, vilima na vichaka yaandikwe katika ramani ya serikali. Kigingi kilichowekwa mbele ya macho ya wote hakihamishwi kwa urahisi, wala hakibishaniwi.

Pili, vijiji vya ukingoni vianzishe, kwa msaada wa halmashauri, mfuko mdogo wa kuwatuliza waliopoteza mazao kwa kima na nyani, na wapewe mbinu za kulinda shamba zisizoua: zamu za walinzi wakati wa mahindi mabichi, na kupanda chai au mazao mengine yasiyopendwa na kima katika mistari inayogusana na msitu.

Tatu, ushoroba wa Bujingijila utunzwe kwa mkataba wa hiari na wenye mashamba, wakilipwa kwa kila mti wa asili walioupanda na ukakua, ili daraja la kipunji lijengwe na mikono ileile ambayo ingeweza kulivunja.

Nne, kabla ya mtu yeyote kuhamishwa kwa jina la hifadhi, pawe na maandishi ya elimu yake juu ya mahali pale, ridhaa yake, na uhakika wa maji huko aendako. Botswana, nchi yenye sifa ya utawala bora, iliyajifunza haya kwa kesi mbili. Sisi twaweza kuyajifunza kwa semina moja.

Tano, katika taarifa zetu za wilaya neno "pembezoni" lisiandikwe pasipo kutaja ni pembezoni mwa nini.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nitarudisha sasa kiti mahali tulipokitoa. Mwishoni mwa masika, mahindi yanapokomaa chini ya ukungu wa Rungwe, mkulima mmoja atakwenda kuutazama mstari wa mwisho wa shamba lake, na kutoka juu ya mti kipunji atautazama mstari ule ule, ambao kwake ndio wa kwanza. Kama mkulima huyo atakuwa na waya mkononi au la, ndiyo hesabu itakayotuonesha, mwakani, kama maneno ya leo yalifika mahali yalipokuwa yakienda.